Gitaa Lisilopiga Yowe

Jua lilikuwa linazama nilipofunika cherehani yangu, nikachukua daftari la mwanangu, nikampitia wifi yangu anisindikize. Nilikuwa naenda kununua gitaa. Njiani watu wawili walinisalimia kwa ile sauti ya chini anayopewa mfiwa, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Niliwaitikia. Mungu anajua niliwaitikia vizuri.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano kaburini. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu. Kwa miaka sita alipiga gitaa la kuazima lenye ufa, na kwa miaka hiyo sita alinisimulia habari za aina moja ya gitaa la zamani: la umeme, lakini lenye tumbo tupu kama yale yasiyo ya umeme. Nilimwambia gitaa halimlishi mtu. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake, nao wakacheka. Kisha homa ikamchukua kwa siku tatu, nikabaki na maneno yangu.

Sasa nilitaka kulinunua. Nilitaka kusikia, mara moja tu, ile sauti aliyokuwa akiibeba kichwani. Nilikuwa nimemwomba Mungu hilo, na sikuona kama nimeomba kitu kikubwa.

"Wifi, wewe unajua nini kuhusu magitaa?" wifi yangu aliuliza.

"Najua kusoma." Nikamwonyesha daftari.

"Haya. Mimi nitashika mkoba na kunung'unika."

Duka lilikuwa nyuma ya duka la vipuri, chumba kirefu chembamba chenye taa moja. Mwenyewe aliwahi kutengeneza redio, na hadi leo watu humwita Fundi Redio. Palinuka risasi ya kuunganishia nyaya, vumbi... na kitu kingine, kama udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Nilidhani ni viatu vyetu. Nikatazama. Viatu vyetu vilikuwa safi.

"Karibuni, mama. Nilikuwa nafunga."

"Hatutakaa," nikasema.

Magitaa yalining'inia ukutani kwa shingo zao. Nilisoma daftari polepole na Fundi akayashusha moja moja, kama mwanangu alivyoyapanga.

Moja lilikuwa jembamba, limepigiliwa gogo la mti katikati ya tumbo. Mwanangu aliandika: *Halipigi yowe hata ukisimama mbele ya spika, lakini gogo limeziba pumzi yake.* Jingine lilikuwa jembamba pia, tupu lote, lenye sumaku mbili za kunasia sauti na mkono wa chuma wa kuzitikisa nyuzi. *Zuri kwa vijana. Sauti nyembamba. Mama atasema linapiga kelele.*

Wifi yangu akanishika kiwiko.

La mwisho lilikuwa pana, tumbo nene, lenye sumaku moja karibu na shingo na matundu mawili marefu yaliyopinda usoni. *Hili ndilo. Sauti ya mviringo kama mtu mzima anayeongea. Tatizo lake moja: ukiliweka karibu na spika linapiga yowe lenyewe. Nitafute lisilopiga yowe.*

"Tumbo kama la mume wangu," wifi yangu alisema. "Na yeye hupiga yowe mwenyewe."

Fundi hakucheka. Alilitazama lile gitaa, kisha akanitazama mimi.

"Hili halipigi yowe, mama."

"Yote ya namna hii hupiga. Imeandikwa hapa."

"Hili halipigi."

Akachomeka waya, akaliegemeza kwenye kiti, akaigeuza spika ielekee tumbo la gitaa kabisa. Akawasha amplifaya. Akapandisha sauti hadi vioo vya kabati vikatetemeka.

Kimya.

Yaani lile tumbo liliimeza ile sauti yote.

"Lipige basi tulisikie," nikamwambia.

"Sipigi hilo." Alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. "Wewe kaa tu. Sikiliza." Akaenda kushusha pazia la chuma la mlangoni, akaliacha nusu.

Nilikaa. Wifi yangu akapiga miayo. Kwanza nilisikia mngurumo mdogo, kama paka. Kisha uzi mnene ukatikisika. Nilikuwa nautazama. Hakuna mkono uliougusa.

Ukaja uzi wa pili.

Ulikuwa wimbo wa toba tunaoimba kabla ya meza ya Bwana. Ulipigwa taratibu, kwa sauti ya mviringo, kama mtu mzima anayeongea. Na kila ulipofika mwisho wa mstari, noti ya mwisho ilichelewa. Ilichelewa kwa unywele mmoja tu.

Mwanangu alipokuwa na miaka minne aliingiza kidole chake cha mwisho chini ya sindano ya cherehani yangu. Mguu wangu ndio uliokuwa kwenye pedali. Kidole kilipona, lakini hakikukunja vizuri tena. Maisha yake yote, noti aliyoipiga kwa kidole kile ilikuja imechelewa. Mwalimu wa kwaya alimgombeza sana. Dunia nzima hakuna mwingine aliyepiga hivyo.

"Wifi," nikanong'ona. "Unasikia?"

"Nasikia amplifaya inanguruma. Twende, kunapoa."

"Husikii wimbo?"

Aliniangalia kwa ile huruma niliyoichoka. "Wifi yangu. Twende nyumbani."

Nilipiga magoti mbele ya kile kiti. Niliwasha tochi ya simu, nikamulika ndani ya tundu moja.

Ndani mlikuwa na nguo.

Baadaye niliambiwa wapigaji hufanya hivyo, hujaza vitambaa tumboni ili gitaa lisipige yowe. Ni jambo la kawaida. Sina ugomvi na hilo. Lakini mimi ni fundi cherehani kwa miaka thelathini, na mshono wangu naujua kama uso wangu. Niliona mistari ya samawati kwenye kitambaa cheupe. Niliona kola. Kola ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweupe mpaka nusu, halafu uzi wa bluu.

Siku ile nilipomshonea shati la kuzikiwa, uzi mweupe uliniishia. Msiba ulikuwa umejaa uani, wanaume walikuwa wanaulizia muda wa kutoka, nikamalizia kwa bluu. Niliona aibu kumzika mwanangu na kola ya rangi mbili. Nilimvalisha mimi mwenyewe. Nilifunga vifungo vyote sita. Nilikuwa wa mwisho kumgusa kabla hawajapigilia kifuniko.

Wimbo ulikuwa bado unaendelea.

"Umelitoa wapi hili?" nilimuuliza Fundi. Sauti yangu haikupanda.

"Kuna mtu huleta."

"Mtu gani?"

"Huja saa kama hizi. Huweka mlangoni. Sijawahi kumwona uso, mama, na sijajaribu."

Nilitazama ukutani. Magitaa mapana yalikuwa saba. Nilimulika lililo karibu, na katika tundu lake nikaona pindo la gauni la mtoto. Sikumulika jingine.

"Wanaonunua wanajua?"

"Wanapenda sauti," Fundi alisema. "Hawaulizi."

Nilifungua mkoba wangu mikononi mwa wifi, nikatoa kikoleo cha kuvutia nyuzi. Fundi alisogea hatua moja.

"Mama. Ukilitoa hatapiga tena. Gitaa litakuwa ubao."

Wimbo ukakatika. Uzi mwembamba kuliko wote ukabaki ukitetemeka peke yake, na ndani ya lile tumbo, karibu na sikio langu, nikasikia pumzi. Kisha neno moja, lile lile alilokuwa akiniita usiku akiwa mdogo na ndoto imemshika.

"Mama."

Nikavuta. Kola ilitangulia, kisha bega, kisha mikono. Nguo nzima ilipita kwenye tundu la vidole viwili. Nilipolikunjua lile shati mapajani lilikuwa na joto. Joto la kuvuliwa sasa hivi. Na makwapani na mgongoni lilikuwa limelowa jasho, jasho la mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi bila kupumzishwa. Nilinusa. Lilikuwa jasho la mwanangu.

Walikuwa wanamfanyisha kazi. Miezi mitano.

Papo hapo gitaa likaanza kupiga yowe. Fundi alirukia amplifaya akaizima. Wifi yangu alikuwa ameziba masikio, analia, na hakujua analilia nini. Nililiweka shati chini ya kanga yangu, tukapita chini ya pazia la chuma, tukaenda nyumbani.

Asubuhi nilikwenda makaburini. Saruji haikuwa na ufa. Majani yalikuwa yameota pembeni vile vile, na msalaba umesimama. Hakuna aliyefukua chochote. Nilimweleza mchungaji. Ni kijana, amesoma, lakini hakunicheka. Alisoma zaburi mbili, akasema, "Lichome, mama. Lichome leo, mwache mtoto apumzike. Usilitazame tena."

Niliwasha moto uani. Kuni zilikuwa kavu. Nilisimama na lile shati mkononi na nikajua kabisa lililo sawa, kama ninavyojua amri kumi. Mwanangu alikuwa ametolewa. Alikuwa amelala. Kilichobaki ni mimi kuachia vidole.

Nikasema nitalinusa kwanza.

Moto ukafa. Kesho yake nikawasha mwingine. Siku ya tatu jasho lilikuwa limekauka na shati halikuwa na harufu yoyote, si ya mtu, si ya udongo. Lilikuwa kitambaa. Watu husema mtu hufa mara moja. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu na kumzika mara ya pili peke yangu, bila wimbo, bila hata wale wa kuniambia pole. Nyumba ilikuwa kimya namna ambayo cherehani haikuweza kuifunika.

Siku ya nne, jioni, nilirudi dukani na shati chini ya kanga. Sikumwita wifi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kile kile kiti, lile gitaa limelala magotini pake, kama anayemtunzia mtu. Alikuwa ameshalifuta vumbi.

"Hukushangaa kuniona," nikasema.

"Akina mama hurudi," akajibu. "Wote hurudi."

"Nitalirudishaje?"

"Kwa mkono wako. Mwingine akilirudisha halikubali." Akainuka kunipisha. "Lifunge vifungo kwanza."

Nililitandika mapajani, nikafunga vifungo vyote sita, nikaanza na mikono. Lilipita kwa shida. Lilikuwa zito kuliko nilivyolitoa, na katikati ya kazi nilihisi linanisukuma, polepole, kama mtoto asiyetaka kuvaa. Nilimnyamazisha. Nilimwambia basi, basi, mama yupo. Nikasukuma kola ndani kwa kidole gumba.

Nilimlipa Fundi gitaa na amplifaya yake. Sasa gitaa lipo chumbani kwangu, kwenye kiti, limeelekea spika. Wifi yangu hafiki tena. Anasema nyumba yangu inanuka udongo. Mchungaji aliniuliza kama nimelichoma lile shati, nikamwambia ndiyo. Aliniombea kwa kuwa nimekuwa na nguvu.

Mwanzoni alipiga nyimbo zote alizozijua. Siku hizi hupiga ule wa toba tu, na mara nyingine husimama katikati na nasikia pumzi, fupi fupi, na ananiita. Simjibu. Nikimjibu ataomba, na najua atakachoomba.

Kila jioni napiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu ampumzishe mwanangu kwa amani. Naomba kwa moyo wangu wote, machozi yananitoka. Nikishasema amina, nainuka, nawasha amplifaya.