Viazi vya Watu Wawili

Siku Sally alipoitikia salamu kwa mara ya kwanza, Chepkosgei alikuwa na sababu nzuri ya kushtuka: Sally hakuwepo. Hakuwa maktabani, hakuwa bafuni, hakuwa kwao. Hakuwepo duniani. Chepkosgei mwenyewe ndiye aliyemtunga jioni moja, mwiko mkononi, sukuma wiki jikoni, ili mama yake atulie.

Uongo wenyewe haukuwa mbaya. Kampasi mpya ilipofunguliwa kule Njoro, mabweni yake yalikuwa bado mchoro mzuri uliobandikwa mlangoni pa utawala, wenye miti na wanafunzi wanaotabasamu. Wanafunzi wenye nyama na mifupa waliambiwa wajitafutie vyumba nje. Bwana Kamande wa Ofisi ya Maslahi ya Wanafunzi aliwakusanya hemani, wao na wazazi wao, akawapa ushauri wa kuishi: maji huchotwa yanapotoka, si yanapohitajika, nguo zisiachwe nje jioni kwa sababu ukungu wa Njoro hukausha kinyume, gesi ifungwe kwenye mtungi, si kwenye meko tu, njia ya kukatiza shamba la ngano isipitiwe na mtu mmoja. Na zaidi ya yote, wasikae peke yao.

"Mtu mmoja chumbani ni hatari," alisema. "Watu wawili ni jamii."

Kisha akaenda kula chakula cha mchana, peke yake.

Mama yake Chepkosgei, aliyekuwa amemleta kutoka Kuresoi, aliyapokea maneno hayo kama yametoka madhabahuni. "Umesikia mwalimu? Ukikaa peke yako unarudi nyumbani, tungoje mwaka ujao uende chuo cha karibu na mjomba. Mimi sitaki kupigiwa simu na polisi."

Chepkosgei alitafuta mwenzake wa kukaa naye, lakini wasichana wote walikuwa wameshapatana, kama viti vya kanisani. Mwishowe akachukua bedsita, chumba kimoja cha kupanga, peke yake kwenye ploti ya mzee Naftaly, na mama alipopiga simu, akamwambia amepata rumeti. Anaitwa Sally. Wa wapi? Wa upande wa Kapsabet. Ameokoka? Sana. Na anakula nini? Viazi, mama, anapenda viazi kweli.

Mama alifurahi kuliko ilivyohitajika. Wiki hiyo hiyo lilikuja gunia la viazi ambalo mtu mmoja hangeweza kulimaliza bila kuota mizizi, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, juu yake. "Ni ya nyinyi wawili," mama akasema. Kila jioni alipopiga simu alitaka spika iwashwe amsalimie Sally, halafu anaomba, na katika maombi Sally alitajwa kwa jina, baada ya Chepkosgei na kabla ya ng'ombe. "Anakusalimia pia," Chepkosgei alikuwa akisema. Mama alipoanza kupiga simu za video, Chepkosgei alinunua pazia la maua ya samawati, akakigawanya chumba katikati kwa kamba. Huku kitanda chake, kule gunia, ndoo na godoro la ziada lililokunjwa. Sally ana haya, akaeleza. Analala mapema.

Basi jioni hiyo mama alisalimia kwa Kikalenjini kama kawaida, "Chamgei, Sally!"

Na kule ng'ambo ya pazia sauti ikajibu, "Chamgei mising, mama." Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu anayetafuna.

Mama wala hakushtuka. Aliuliza Sally kama masomo ni magumu, akajibiwa kwamba si sana. Simu ilipokatika Chepkosgei alilivuta pazia. Kulikuwa na gunia. Kulikuwa na ndoo. Godoro lilikuwa limekunjuliwa, na juu yake ganda la kiazi kilichochemshwa, likiwa bado na joto. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Chepkosgei alijiambia ni gunia, akalala viatu vikiwa miguuni.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatoka, akitoka anakumbuka ameacha mlango. Mchana alisikia kisu kikimenya, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alisikia ndara zikiburuzwa hadi kwenye pazia na kusimama. Mswaki wake ulikuwa umelowa kabla hajaugusa, na sweta yake ya kijani ilianza kukaa imelegea mabegani, kama iliyovaliwa na mtu mrefu.

"Rumeti wako anajua kuimba," Jackie alimwambia wakianua nguo. Jackie alikaa mlango wa pili. Alitoka Naivasha na alikuwa na tabia ya kusema mambo jinsi yalivyo.

"Rumeti gani?"

"Si yule wa sweta ya kijani. Ako tu sawa, lakini hapepesi macho. Nimemsalimia jana, akaniangalia mpaka nikaanza kupepesa ya watu wawili." Jackie alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha. "Aki Chepkosgei, ni nini?"

Chepkosgei akamwambia yote, kwa kunong'ona, huku nguo zikidondosha maji kati yao.

Walianza na keateka, msimamizi wa ploti, Mbugua, ambaye alisikiliza akiwa ameegemea fagio. "Jini?" alisema. "Majini ni mambo ya Mombasa, madam. Hapa Njoro kuna baridi, jini atavaa nini?"

Chepkosgei alijua atavaa nini, lakini hakusema.

Bwana Kamande aliwapokea kwa heshima zote. Alifunga dirisha, akaomba waeleze pole pole. "Huyu mwenzako," aliuliza mwishowe, "anakaa pale ama hakai?"

"Sijui, sir. Hayuko, lakini ako."

"Tuelewane. Kama hayuko, basi amehama, na tatizo limeisha. Kama yuko, basi ni mwenzako, na ofisi hii inahimiza mazungumzo. Mmejaribu kuongea?"

"Sir, ni kitu si mtu," Jackie akasema.

"Vitu viko chini ya Idara ya Mali," Bwana Kamande alisema kwa upole. "Ghorofa ya juu. Lakini hawajaajiri mtu bado."

Jumapili alasiri wakaja vijana wa umoja wa Wakristo, wakiongozwa na Travis, mwenyekiti, aliyekuwa na gitaa na koo la kutosha mitaa miwili. Walijaa upande wa kitanda, wakafumba macho, wakaomba hadi jasho likawatoka mchana wa baridi. Kisha wakaimba. Wimbo ulianza vizuri, soprano na teno na besi, na kwenye kiitikio ikaingia alto, tamu, iliyonyooka, ikijaza pengo ambalo kwaya hiyo ilikuwa ikililalamikia tangu iundwe. Travis alitabasamu macho yakiwa yamefumbwa. Halafu akayafumbua, akawahesabu waliokuwa upande huu wa pazia. Wasichana wote walikuwa wa soprano.

Waliondoka kwa amani, lakini upesi. Gitaa lilifuatwa kesho yake.

"Hao hawawezi," Jackie alisema walipobaki wawili, wamekaa nje kwenye ngazi kwa sababu hakuna aliyetaka kurudi ndani. "Kwa sababu si wao walimwita. Fikiria. Nani anamsalimia kila siku? Nani anamtumia chakula? Nani anamtaja kwa maombi?"

"Mama."

"Basi ni mathe tu anaweza kumwambia toka. Mwambie ukweli. Mwambie Sally hayuko na hajawahi kuwa, aseme na mdomo wake kwamba hamjui."

"Nikimwambia nilimdanganya, kesho asubuhi ako hapa na gunia la kunibebea vitu. Chuo kwisha."

"Na usipomwambia?"

Chepkosgei alisema atamwambia kesho. Kesho yake akasema wiki ikiisha, baada ya mtihani mdogo. Na katika siku hizo alizojipa, mambo yalianza kugeuka. Mbugua alimpungia mkono getini akasema, "Sasa Sally, umemwacha wapi mwenyewe?" Mama akaanza kuongea na Sally muda mrefu zaidi, wakicheka, na alipomrudia Chepkosgei alisema, "Sauti yako ina nini? Ni kama ya mtu mwingine. Uko na homa?" Kwenye video akasema picha haionekani vizuri, asogee kwenye mwanga, na Chepkosgei alikuwa amekaa chini ya taa.

Jioni moja stima ilipotea mtaa mzima. Chepkosgei alikuwa ameketi kitandani akiingoja irudi, mvua ikipiga mabati na harufu ya udongo ikiwa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini, aliposikia ng'ambo ya pazia mtu akisema polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma, mama, ni mimi, kisha kimya, kisha tena mama, ni mimi, safari hii kwa lafudhi iliyokaribia ile ya Kuresoi, na tena, ikirekebishwa hapa na pale, ikipunguzwa uzito, ikiongezwa ule mkwaruzo mdogo unaompata Chepkosgei koo likikauka, mpaka ikawa haina kosa, ikawa yeye, sauti yake mwenyewe ikimwita mama yake mwenyewe gizani, na alipojaribu kulisema neno lile lile kwa mdomo wake, ili tu awe na uhakika, aligundua kwamba lake ndilo lililosikika la kuigiza.

Alitoka mbio, akabisha kwa Jackie. Walikubaliana pale pale: Jumamosi likizo ikianza, ataenda Kuresoi kwa miguu yake, amwambie mama uso kwa uso, hata kama itakuwa mwisho wa chuo. Mama tayari alikuwa amewaalika. "Mje nyote wawili," alikuwa amesema. "Nataka nimwone huyu Sally na macho yangu." Usiku huo Chepkosgei alilala kwa Jackie. Ijumaa alirudi chumbani kwake kupanga begi, akakaa kidogo tu kitandani, kwa sababu alikuwa hajalala vizuri siku nyingi.

Alipoamka ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda. Begi halikuwepo. Sweta haikuwepo, wala viatu vya safari, wala simu. Alikuwa amelala kwenye godoro la chini, kando ya gunia.

Alitoka peku hadi kwa Jackie. Jackie alifungua mlango, akamtazama kwa muda kidogo uliozidi.

"Si ulienda?" akasema. "Nimekuaga asubuhi kwa geti. Umenikumbatia."

"Haikuwa mimi. Jackie, niangalie. Nipe simu."

Jackie alimpa simu bila kumgusa mkono. Chepkosgei alibonyeza namba aliyoijua kwa moyo. Iliita sana. Kisha ikashikwa, na nyuma yake kulikuwa na kuku, na mafuta yakichachatika, na mtu akicheka.

"Halo? Nani?"

"Mama, ni mimi. Sikiliza na usiongee kwa sauti. Hakuna Sally. Sikuwahi kuwa na rumeti, nilikudanganya, nilikuwa naogopa utanirudisha. Aliye hapo si mimi. Mwambie hujui yeye ni nani. Mwambie atoke. Tafadhali, mama, sema tu hivyo, hata useme chuo basi, nitarudi nyumbani, nitakaa popote unataka."

Mama akasema, kwa ile sauti anayotumia na watoto wa wenyewe, "Pole pole. Chepkosgei ameingia saa hii. Amekaa hapa jikoni ananimenyea viazi." Akashusha pumzi. "Ni Sally, ama? Ameniambia utapiga. Amesema siku hizi unasumbuka, hulali, unajiita jina lake."

"Mama, niulize kitu. Kitu chochote. Ile siku nilianguka na sufuria ya maji moto, tulikuwa na wewe peke yetu, ukanibeba mpaka hospitali ukiwa bila viatu."

"Amekuambia mengi," mama alisema. "Ni vizuri. Mmekaa kama dada."

"Kovu, mama. Angalia mkono wake wa kushoto. Hana kovu."

Kukawa na kishindo kidogo cha kisu kuwekwa mezani. "Mbona hana? Naliona hapa."

Chepkosgei aliinua mkono wake kwenye mwanga wa mlango. Jackie pia aliuangalia, kisha akarudi nyuma hatua moja. Ngozi ilikuwa laini, nyororo, kama ya mtu ambaye hajawahi kuungua, wala kuanguka, wala kubebwa na mtu yeyote.

"Sally," mama akasema. "Usilie. Wewe ni mtoto wangu pia, mimi nimeshazoea kukuombea. Nitakutaja kila jioni, sitaacha. Lakini mtoto lazima awe na mwenyewe. Niambie, mama yako anaitwa nani? Nimtaje na yeye."

Chepkosgei alifungua mdomo. Jina la mama yake, alilolijua kabla ya kujua kutembea, halikuja.

"Usione haya," ile sauti ya upole ikasema. "Nangoja."