Mbavu za Jumamosi

Katrice Dunlap aliishika ile pakiti kwanza. Hilo hakulikubali kupingwa na mtu yeyote, hata baadaye walipokuwa wakisimuliana kisa chao wakicheka. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Marekani, tarehe nne Julai, na ungedhani Memphis nzima imekuja kugombania nyama kwenye friji moja. Vitoroli vinagongana, watoto wanalilia soda, akina mama wanapitisha viwiko katikati ya watu kama wachezaji wa mpira. Mbavu za nguruwe zilikuwa zimebaki pakiti moja tu, na juu ya pakiti hiyo kulikuwa na mikono miwili.

"Samahani bibie," mwanaume akasema. "Naona umeshika pakiti yangu."

"Yako? Imeandikwa jina?"

"Igeuze uone."

Katrice akaigeuza kweli, akatafuta jina. Alipogundua amechezewa, alikuwa ameshacheka, na ukishacheka ni vigumu kununa tena. Akamtazama vizuri. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ya ukindu imeegemea sikio moja. Na yeye siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake la njano na hereni kubwa za duara, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi wa kutazamwa.

"Utazipikaje?" akaulizwa.

"Nazipaka sosi, natia kwenye oveni, moto mkali, nusu saa."

"Nusu saa! Bibie, unampikia mtu au unamwadhibu?"

"Na wewe fundi?"

"Mimi? Naitwa Odell Mabry. Ukila mbavu zangu, unavuta mfupa unatoka mweupe kama umepigwa mswaki. Nipe hiyo pakiti na namba ya simu. Kesho jioni nakuletea."

"Ukikimbia na nyama yangu?"

"Nitakuwa nimekimbia na nyama, lakini namba yako nitakuwa nayo. Nitarudi tu."

Alirudi. Waliketi kwenye ngazi za nyumba ya Katrice kule Whitehaven, fataki zikipasuka juu ya mapaa, na Katrice akauma mbavu ya kwanza. Nyama ilikuwa na ukoko mwembamba wa viungo, tamu kidogo, kali kidogo, na ndani laini, moshi wa kuni umeingia mpaka kwenye mfupa. Akafumba macho. Alipofumbua, Odell alikuwa akimwangalia kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

"Mungu wangu," Katrice akasema. "Umejifunza wapi haya?"

"Ni kipaji tu, bebi."

Ndivyo walivyoanza. Odell alifundisha tarumbeta katika shule ya sekondari. Katrice alikuwa na viti viwili vya saluni na wateja wasiokauka. Katikati ya wiki walipigiana simu mpaka masikio yakapata moto. Kila Jumamosi jioni Odell alikuja na sinia la mbavu.

Lakini Katrice alikuwa na wivu, na mwenyewe hakuficha. Kazi yake ilikuwa kusuka wanawake walioachwa, na kila kichwa alichokishika kilikuwa na hadithi yake. Akaanza kujiuliza mambo. Kwanza, mbona Jumamosi mchana simu ya Odell haipokelewi? Pili, mbona hajawahi kumwona akipika?

"Njoo upikie hapa kwangu," alimwambia siku moja.

"Oveni haina moshi, mpenzi. Nyama inataka pipa na kuni za hikori, inataka nafasi."

"Basi nije kwako."

"Kwangu ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba akiona moshi anaita zimamoto."

"Sasa unachomea wapi?"

"Kwa jamaa."

Kwa jamaa. Katrice akaliangalia lile sinia. Foili ilikuwa imekunjwa pembe nne, nadhifu kama shuka la hospitali. Akili yake ikamwambia kwamba hakuna mwanaume anayekunja foili namna hii. Usiku huo alikula mbavu zake zote, akalamba vidole, na bado hakulala vizuri.

Mwezi Oktoba, Jumamosi, wamekwisha kula, Odell akaingia bafuni kuoga. Simu yake mezani ikatetemeka. Jina likatokea: Renita. Katrice alihesabu heshima yake, akaiona haitoshi, akapokea.

"Odell, umesahau koti lako tena," sauti ya mwanamke ikasema, bila salamu. "Na wiki ijayo uje mapema, si kunijia saa sita halafu unaanza kunihimiza. Walimu wenzako wamezipenda?"

"Walimu gani?"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayezila hizo mbavu. Na wewe?"

"Mimi ni mke wake," sauti ikasema. Kisha, taratibu, "Nilikuwa. Miaka saba." Akavuta pumzi. "Ahaa. Kumbe ndiyo walimu wenyewe. Sikiliza dada, ukitaka kujua zaidi, nakaa mtaa wa Orange Mound, nyuma ya kanisa, nyumba yenye kibaraza cha kijani. Sina cha kuficha mimi." Akakata.

Odell alitoka bafuni na taulo kiunoni, mluzi mdomoni. Mluzi ukafa.

"Renita amepiga," Katrice akasema. "Koti lako liko kwake. Tena."

"Bebi, ngoja nikueleze."

"Kila Jumamosi uko uani kwa mkeo, halafu unaniambia kwa jamaa?"

"Mke wa zamani! Tulipoachana yeye alibaki na nyumba, na pipa la kuchomea liko pale. Ndiyo hivyo tu. Hakuna kitu kati yetu."

"Kuna nguruwe mzima kati yenu, Odell! Vaa nguo zako."

"Katrice..."

"Vaa, au utoke na hilo taulo. Nalo nalitaka."

Alipoondoka, Katrice alizunguka sebuleni kama aliyepoteza funguo. Alimwona Renita kichwani: mrefu, kiuno chembamba, anacheka, anamlisha Odell kipande mkononi. Jumapili, baada ya ibada, hakwenda nyumbani. Alipaka upya rangi ya midomo ndani ya gari, akarekebisha kofia yake ya zambarau, akaenda kutafuta kibaraza cha kijani.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mfupi, mnene, aproni juu ya gauni la kanisani, miwani imekaa kwenye ncha ya pua.

"Wewe ndiye wa simu," Renita akasema. "Karibu. Kofia nzuri."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama, dada. Mimi nyama yangu iko motoni."

Wakapita jikoni mpaka uani. Pipa jeusi lilikuwa likifuka moshi mwembamba, na ile harufu, harufu ya Jumamosi zote za Katrice, ikamjaa puani. Renita akafunua, akainua mbavu kwa koleo, akaipinda kuangalia kama imeiva. Akanyunyizia juisi ya tufaha iliyochanganywa na siki. Kisha akazifunga kwenye foili, akakunja pembe nne.

Katrice akaiona ile mikono ikikunja. Akakamata ukingo wa meza.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe unayepika."

"Nani mwingine? Odell hawezi hata kuchemsha yai. Anakuja na nyama, anakaa kwenye kile kiti, anasikiliza mpira, anamaliza soda zangu. Mimi napikia watu wa mtaa kila Jumamosi na Jumapili, nikaona slabu moja zaidi ya mbavu si neno. Aliniambia ni za walimu." Renita akafunika pipa kwa kishindo. "Miezi mitatu nimempikia mwanamke mwingine! Unadhani mimi sikuumia? Nilikesha, dada."

"Afadhali ungeniambia mnalala pamoja."

"Afadhali kwa nani?"

Katrice alikuwa akifikiria zile Jumamosi, jinsi alivyokuwa akimtazama Odell machoni huku akilamba vidole, akiamini anaonja moyo wake. Kumbe alikuwa akionja mkono wa mwanamke huyu mfupi mwenye miwani, mkono uliompikia Odell miaka saba. Ule wivu wa jana ukaonekana mdogo. Huyu hakumchukulia mwanaume. Alikuwa ameingia mpaka mdomoni mwa Katrice.

"Bado unampenda?" akauliza.

"Odell?" Renita akafikiri kwa haki. "Nampenda sana akiwa anawasha gari aende zake. Chukua sahani ule."

"Asante. Sitaki."

Alitaka. Alilia njia nzima, nusu kwa hasira, nusu kwa njaa.

Odell alipiga simu siku nyingi kabla hajapokelewa.

"Nisikilize, mpenzi."

"Ulinilisha mkono wa mkeo."

"Wa zamani."

"Mkono si wa zamani, Odell. Niliula Jumamosi."

Odell akakohoa. "Niliogopa. Siku ile dukani nilikuwa najisifu tu, nipate namba yako. Nikasema nitampelekea Renita mara moja, basi. Halafu ukafumba macho. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama kama ulivyonitazama uliposhusha ile mbavu. Ningesema si zangu, ungeacha kunitazama."

"Kwa hiyo mimi nilimpenda nani?"

Katrice akasikia mwanafunzi fulani nyuma ya Odell akipuliza tarumbeta vibaya.

"Usinipigie tena," Katrice akasema, "mpaka uwe na kitu chako mwenyewe."

Novemba ikapita. Mawingu yakashuka, majani yakaoza kwenye mifereji. Katrice alisuka vichwa vya watu, na mteja akianza habari za mume wake, Katrice alimwongezea sauti ya redio. Mara mbili alipita Orange Mound bila sababu, akatafuta gari la Odell mbele ya kile kibaraza. Halikuwapo. Alifurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi.

Jumamosi moja ya Desemba, saluni imejaa, simu ikalia.

"Njoo kwangu," Odell akasema, sauti imekwaruza. "Tafadhali. Sasa hivi, kabla sijazitupa."

"Kutupa nini?"

"Njoo tu."

Alikwenda na aproni ya saluni, hajabadilisha viatu. Kuanzia ghorofa ya kwanza alisikia harufu ya sukari iliyoungua. Odell alifungua mlango, madirisha yote yako wazi kwenye baridi, macho mekundu, haradali kwenye kidevu, plasta kwenye vidole viwili.

"Wiki ya kwanza," akasema, hata salamu hakutoa, "sikujua nyuma ya mifupa kuna utando wa kutoa. Ilikuwa kama kutafuna tairi. Ya pili niliweka moto mkubwa. Ya tatu sosi iliungua, jirani akagonga. Hizi ni za nne."

"Ulimuuliza Renita?"

"Sikumuuliza."

"Apa."

"Naapa kwa mama yangu. Sijakanyaga kule tangu uniambie nivae nguo. Katrice, angenifundisha yeye, unadhani jiko langu lingekuwa hivi?"

Katrice akatazama jiko. Masufuria, unga mwekundu wa paprika mpaka ukutani, makatoni matatu ya juisi. Hakuna mwanamke aliyepita hapa. Moyo wake, kwa aibu yake, ukatulia.

"Zimebakiza saa moja," Odell akasema. "Moto mdogo. Zinahitaji kusubiriwa."

Wakasubiri, wamekaa sakafuni mbele ya oveni kwa kuwa ndipo palipokuwa na joto. Katrice akamuuliza yote aliyotaka kuuliza: alimpenda vipi Renita, waliachana kwa nini, alimwita bebi naye? Odell akajibu, mengine yakauma. Ndiyo, alimwita bebi. Katrice akasema kuanzia leo amtafutie jina jingine.

Alipozitoa, zilikuwa nyeusi pembeni na zimejikunja. Odell akampa moja kwa mikono miwili. Katrice akauma. Nyama ilikataa kidogo, kisha ikaachia. Akatafuna huku macho yake yako wazi, akimwangalia.

"Chumvi nyingi," akasema.

"Najua."

"Na katikati bado ngumu."

"Najua, mpenzi."

"Nipe nyingine."

Odell akampa, akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kutazama miguu yake. "Nilitaka zilainike kwanza, ndipo nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Ningojee tu. Wiki ijayo au ile nyingine nitazipata."

"Odell Mabry, kwa mwendo huu tutazeeka. Uliza sasa."

Akauliza. Palepale sakafuni, pete hana, haradali bado kidevuni. Katrice akamfuta kwa kidole gumba, akakilamba.

"Ndiyo," akasema. "Ila harusini tunakula kuku."