Mkubwa Aliyevuka Kamba

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosoma huku mmesimama mlangoni tayari kuondoka, kaeni kwanza. Jambo hili halikutokea mbali. Lilianzia kwenye meza niliyoiandaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi ile asubuhi kijiji kilikuwa kimetulia. Theluji ilikuwa imeanguka wiki nzima kwa upepo mkali, halafu mbingu ikafunguka, mlima ukang'aa hadi macho yakauma. Kondoo walikuwa wanacheua zizini. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi, na Makpal amekunja mikono ya blauzi ananikatia unga.

"Bibi, haya yangu yametoka kama masikio ya mbwa," akasema.

"Tia tu kwenye mafuta, mwanangu. Mwenye njaa haulizi sura."

Makpal na wenzake walikuwa wageni wangu kutoka Almaty, ng'ambo ya mpaka. Kila baridi huja huku Karakol kuteleza kwa skii: wanafika Ijumaa, wanaondoka Jumapili. Walikuwa wanne. Makpal mwenyewe, mumewe Olzhas, mdogo wake Olzhas aitwaye Yernar, na rafiki yao Kanat, ambaye mdomo wake haufungi hata akitafuna. Binti wa Makpal, Aisulu, alikuwa amebaki nyumbani na bibi yake, mama mzazi wa Olzhas.

Olzhas si mtu mbaya, na sitaki mumfikirie hivyo. Baba yao alipofariki, ni yeye aliyemlea Yernar, akamsomesha hadi akawa mwalimu wa mieleka shuleni. Kwa hiyo Yernar hakuwahi kumkatiza kaka yake. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa. Ni desturi nzuri, hata wanangu nimewafundisha. Ila Olzhas alikuwa na ugonjwa mmoja: akishika glasi, ukubwa wake unavimba kama hamira.

Mchana walishuka mlimani kuja kula. Kichwa cha kondoo nikakiweka mbele ya Olzhas kwa kuwa ndiye mkubwa wa wageni. Akakata sikio akampa Yernar, kama inavyompasa mkubwa, ili mdogo asikie ya wakubwa.

"Kula, usikie," akasema.

"Mpe yote mawili, kaka," Kanat akadakia. "Hilo moja limeziba tangu azaliwe!"

Tukacheka. Hapo chakula kilikuwa bado kitamu.

Kisha ikaja vodka. Mnajua wenyewe: kila mtu ainue glasi, aseme maneno mazuri, kisha aimalize. Asiyemaliza ameyatukana maneno. Wakanywa kwa ajili ya wazazi. Wakanywa kwa ajili ya urafiki. Kanat akanywa hata kwa ajili ya kondoo. Yernar alifunika glasi yake kwa kiganja.

"Mimi nitakunywa tukishamaliza mlima, kaka."

"Jamani, mwalimu wa mieleka kaangushwa na glasi!" Kanat akasema. "Shemeji Makpal, mletee maziwa, mtoto ana njaa."

Olzhas akasimama, uso umeiva. "Vaeni. Leo tunashuka upande wa nyuma, kule theluji haijakanyagwa na mtu."

Yernar akaacha kutafuna. "Kaka, kule wamezungusha kamba ya kukataza watu. Upepo umelundika theluji mpya juu ya ile ya zamani, haijashikana. Watu wa doria ya mlimani walituambia asubuhi, na wewe ulikuwepo."

"Mimi nilikuwa nashuka milima hii wewe bado unakojoa kitandani."

"Kweli, kaka, lakini..."

"Nani mkubwa hapa?"

Yernar akainamisha macho. "Wewe, kaka."

"Basi vaa viatu."

Mimi nikasema, kwa kuwa nyumba ni yangu na mvi ni zangu: "Olzhas, mwanangu, mlima na glasi havipandwi siku moja." Akanibusu mkono, ananuka pombe. "Bibi, tutarudi mchuzi haujapoa." Ndugu msomaji, ulevi una adabu zake. Unakubusu mkono, na maneno yako unayaacha palepale mezani.

Wakatoka. Makpal akabaki anakusanya sahani, moja juu ya nyingine, polepole mno.

"Mbona hukusema neno?" nikamuuliza.

"Nikisema mbele ya Kanat, Bibi, atakwenda mbali zaidi ili anionyeshe."

Wakati huo tukaona, juu ya ndoano karibu na mlango, vile vifaa vidogo vinavyovaliwa kifuani ili mtu akifukiwa na theluji wenzake wamtafute kwa mlio. Viwili vilikuwa vimeachwa, cha Olzhas na cha Kanat. Walivivua wakati wa kula kwa sababu ya joto, wakavisahau. Yernar peke yake ndiye aliyekuwa na chake. Sasa fikiri: mwenye mlio akifukiwa, nani atamsikia ikiwa wenzake hawana cha kusikilizia?

Makpal alikuwa bado amevishika mkononi wakati simu yake ilipolia kidogo. Kanat alikuwa ametuma picha kutoka juu. Tukaitazama pamoja. Kwenye kona ya picha ilionekana kamba nyekundu waliyokwisha kuivuka. Yernar alikuwa amesimama chini kabisa bondeni, mdogo kama nzi kwenye maziwa, na juu yake ukuta mzima wa theluji. Kanat aliandika chini ya picha kwamba Olzhas amemtuma atangulie kwa kupitia pembeni, ampige picha akishuka.

Makpal akapiga simu. Sauti ya Olzhas niliisikia na mimi, maana alikuwa anapiga kelele juu ya upepo.

"Baba Aisulu, mtoe Yernar hapo chini."

"Anapiga picha tu, una nini wewe?"

"Mtoe, nakuomba. Vifaa vyenu mmeviacha huku. Msiporudi sasa hivi, nawaita watu wa doria."

Nikasogeza sikio kwenye simu. Olzhas akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotutisha zaidi: "Uwaite hao watu, uniaibishe mbele ya rafiki yangu, katika nchi ya watu, halafu usirudi nyumbani kwangu. Umenisikia?"

Simu ikakatika.

Makpal aliishikilia ile simu kwenye aproni kama mtu aliyeshika kaa la moto na hana pa kulitupa.

"Bibi, mwanangu yuko katika nyumba ile."

"Najua."

"Nikipiga, ndoa imekwisha. Na pengine hakuna litakalotokea! Watashuka salama wanacheka, mimi niitwe mwanamke aliyemshtaki mumewe kwa sababu ya picha."

Sikumwambia piga wala usipige, kwa sababu si mimi ambaye ningelala nje ya ile nyumba. Nilimwambia tu, "Mwanangu, aibu inazoeleka. Msiba wa kijana hauzoeleki."

Akaitazama picha tena. Kisha akapiga. Namba ya doria tunayo sote wenye nyumba za wageni, imebandikwa ukutani. Akawataja wote kwa majina, akasema walivuka kamba, na kwamba mumewe amelewa. Neno hilo la mwisho lilimtoka kama jino.

Yaliyofuata huko juu alinisimulia Kanat, na kwa mara ya kwanza alikuwa hatanii. Anasema baada ya ile simu ya Makpal, Olzhas alikasirika, akasimama akigomba kwa muda mrefu. Ili ionekane kwamba hatawaliwi na mke, aliacha pembeni akaingia katikati kabisa ya mteremko. Wakasikia mlima ukiguna, sauti nzito ya chini kama gunia linalobwagwa. Mstari mmoja ukapasuka kwenye theluji, na upande mzima ukaanza kutembea.

Olzhas alitupwa ukingoni, akabaki amepiga magoti. Mzigo wote ulikwenda aliposimama Yernar. Na Yernar, ndugu zangu, hakukimbia mara moja. Alikuwa bado ameinua simu, kwa sababu kaka yake alimwambia apige picha mpaka mwisho.

Olzhas na Kanat wakashuka wakifukua kwa mikono na kwa skii, mahali asipokuwepo. Olzhas aliita jina la mdogo wake mpaka sauti ikakauka. Hawangempata. Lakini watu wa doria walikuwa tayari wamefika kwenye kamba kwa sababu ya simu ya Makpal, wakashuka wakati vumbi la theluji bado liko hewani. Wakaufuata mlio, wakaichoma theluji kwa fito ndefu kumtafuta, wakachimba. Walimtoa Yernar uso umekuwa wa buluu, wakampulizia pumzi mdomoni hadi akakohoa. Daktari alisema kama wangeondokea kijijini baada ya theluji kuporomoka, wangeleta maiti.

Alipona, lakini mguu mmoja uliosagika ulikatwa chini ya goti. Leo anafundisha mieleka akiwa ameketi kando ya mkeka.

Siku ya pili mama yao Olzhas na Yernar alifika kutoka Almaty pamoja na Aisulu. Tulikuwa tumeketi kwenye korido ya hospitali. Olzhas, macho yamevimba, akamsogelea mkewe. "Mama Aisulu, twende nyumbani."

Makpal akauliza kwa upole, "Nyumbani kwa nani?"

Mama yake Olzhas akawatazama wote wawili. "Kuna nini?" Makpal, kwa heshima, akajishughulisha na Aisulu. Kanat ndiye aliyesema, akarudia yale maneno ya Olzhas kwenye simu kama yalivyokuwa.

Yule mama akainuka.

"Nyumba ile baba yenu alinijengea mimi," akasema. "Nani aingie, nani asiingie, nasema mimi. Makpal, mwanangu, mchukue mtoto, panda gari, keti mbele." Kisha akamgeukia Olzhas. "Wewe unabaki hapa na mdogo wako. Akisema maji, lete maji. Akisema toka, toka. Usimuulize nani mkubwa."

MAFUNZO

Ndugu zangu, sikuwaandikia haya ili vijana waache kuwaheshimu wakubwa wao. Waheshimuni. Lakini kumwacha mkubwa atembee kwenye hatari huku umeinamisha macho si heshima. Yernar alisema ukweli mara moja, kwa sauti ndogo. Sema mara tatu, na mkubwa asiposikia, keti chini ukatae kwenda.

Nyinyi wakubwa, ukubwa mliopewa ni mzigo wa kuwabeba wadogo, wala haukutoka ndani ya chupa. Ukiona unalazimika kuuliza nani mkubwa, jua umekwisha kuwa mdogo. Na tuache kuwacheka wanaofunika glasi zao mezani kwetu. Maneno mazuri hayahitaji kusukumwa na pombe.

Na wewe mke, dada au mama uliyeshika simu ukaogopa watu watasema nini: watasema. Piga.