Dirisha la Mama Kaanaeli

Msinidanganye kwamba jiko jipya halina mwenyewe. Nendeni Tengeru, mteremke kidogo kutoka sokoni, muulize nyumba ya Ndesanjo, halafu mrudi tuzungumze. Na mimi nikipandisha sauti katikati ya habari hii mnivumilie, maana kila nikiisimulia hasira hunipanda upya.

Ilianza asubuhi ya kwanza katika jiko hilo jipya. Aikande, mke wa Ndesanjo, ambaye mtaani wanamwita Mama Lucky, aliwasha jiko la gesi, akabandika birika, akageuka kuchukua vikombe. Mlangoni mwa kabati, lile kabati jeupe ambalo mumewe alishapiga marufuku lisiguswe na mkono wenye mafuta, palikuwa na alama za vidole vitano vya masizi. Masizi ya kuni hasa, meusi tii. Nyumba nzima haikuwa na kuni hata moja. Akajisemea labda ni mafundi, akayafuta kwa kitambaa, kisha akakinusa kile kitambaa. Kilinuka moshi wa kuni za mibuni, na papo hapo macho yakaanza kumwasha.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya khanga za mama mkwe wake, marehemu Mama Kaanaeli.

Mama Kaanaeli aliolewa akatoka Machame, akaja kuishi hapo Tengeru, akapika miaka arobaini kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Kibanda hakikuwa na dirisha. Moshi ulitokea mlangoni, na kabla ya kutoka ulipitia kwanza machoni mwake. Ndesanjo alisomeshwa na kibanda hicho. Alikula humo, akanenepa humo, akawa mtu mwenye gari na kiti cha mbele kanisani. Kila Krismasi mama alimwomba jambo lilelile. "Mwanangu, nitobolee japo kitundu moshi upate pa kutokea."

"Mwakani, mama," alijibu Ndesanjo.

Mwakani ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Miaka mitano ya mwisho mama alikuwa haoni kabisa, wajukuu akiwatambua kwa sauti. Akafa. Na jamani, siku ya mazishi Ndesanjo alichinja ng'ombe watatu, akanunua jeneza la kifahari lenye kidirisha cha kioo upande wa kichwani ili watu wamwone mama usoni. Mama aliomba dirisha miaka ishirini, akapewa la kwenye jeneza! Watu walisifu sana lile jeneza. Aikande alisimama pale na shada lake la maua, ameuma meno.

Mwaka haukuisha, Ndesanjo akabomoa kibanda na kujenga jiko la kisasa palepale, likaungana na nyumba. Mafiga matatu ya mama yalitupwa kwenye msingi pamoja na kifusi.

Aikande ni fundi cherehani, anashona sare za shule pale sokoni, na fundi cherehani hapimi kwa macho. Alikuwa na daftari lake. Alipima kwa futi kamba hatua kutoka friji hadi sinki, kutoka sinki hadi jiko, ili mtu asitembee safari na sufuria ya moto. Alichora kaunta inayolingana na kiuno chake. Alichora mlango wa kutolea maganda ya ndizi uani. Na juu ya sinki alichora dirisha pana linaloutazama Mlima Meru, mwanga uangukie mikononi na moshi upate pa kwenda.

Ndesanjo alilifungua daftari, akacheka, akatoa simu. "Mama Lucky, jiko ndiyo sura ya nyumba. Tazama hili."

Kwenye picha, ukuta mzima ulikuwa kabati hadi darini.

"Na dirisha?"

"La nini? Wageni watazame banda la kuku?"

Basi likajengwa la kwenye picha. Kaunta ilimfika Aikande kifuani. Jiko lenyewe lilibanwa pembeni gizani, na katikati likawekwa limeza la mawe meusi ambalo kila akitaka maji ilimbidi alizunguke. Taa zilikuwa ishirini, lakini tundu la hewa halikuwepo hata moja. Anayepika hakuulizwa. Ndesanjo mwenyewe alikuwa akiingia humo na wageni tu, anafungua kabati, anafunga, anatoka.

Wiki ya pili kikaja kikohozi. Kila Aikande alipowasha moto, nyuma ya jiko mtu alikohoa, kikohozi kikavu cha mwanamke mzee, mara mbili, kisha kimya. Halafu ukaanza mvumo wa pumzi ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, fuuu, fuuu, na ule mwali wa gesi ukawa unalala upande ilhali hapana upepo. Chai ikawa na ladha ya moshi. Sufuria alizoziacha juu ya kaunta alizikuta chini sakafuni, zimepangwa vizuri kwa kimo cha mtu anayepika ameketi kwenye kigoda. Majirani walipopata habari wakaanza kunong'ona kwamba kwa Ndesanjo kuna jini.

Kikohozi angekizoea. Kilichomvunja nguvu ni macho. Jumatatu moja alikaa kwenye cherehani, akalamba uzi, akausogeza kwenye sindano, akalikosa tundu. Akajaribu tena. Mara ya sita akamwomba mteja amsaidie. Wiki ile alishona pindo la sketi likaenda upogo, mzazi akairudisha bila kusema neno, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Daktari wa macho mjini alimulika, akapima, akasema hana ugonjwa wowote, akampa matone. Lakini kila alipotoka jikoni utando mweupe ulikuwa umeongezeka, na Aikande alijua vizuri unakoishia. Alikuwa amemshika mkono mama mkwe miaka mitano kumpeleka chooni.

"Baba Lucky, ninapofuka," alimwambia mumewe. "Ni hilo jiko."

"Ni kinyongo," alijibu Ndesanjo bila kuinua uso kwenye simu. "Hukulipenda tangu mwanzo."

Alhamisi, saa sita mchana, soko limechangamka na jua liko utosini, Aikande alibandika ndizi. Mara taa zote ishirini zikafifia pamoja, zikawa nyekundu kama makaa, na moshi ukaanza kutoka, si kwenye jiko, ila kwenye maungio ya marumaru sakafuni, ukapanda taratibu ukimshika miguu, kiuno, kifua, mpaka akawa haioni sufuria iliyo mbele yake, na alipogeuka kuutafuta mlango mikono yake ikagusa ukuta wa mbao zilizokauka kwa moto, mbao za kile kibanda kilichobomolewa, akazifuata akipapasa, akikohoa, akimwita Mungu, na kila alipopapasa mbao ziliendelea tu, hazikuwa na mwisho wala mlango, hadi mkono mwingine, mkavu, wenye magamba ya kuungua, ukaushika wake kwa nguvu na kuubandika kwenye ukuta mahali pamoja, na sauti ikamwambia karibu kabisa na sikio, bila upole wowote, "Hapa. Toboa hapa."

Alizinduka yuko sakafuni, ndizi zimeungua, taa zinawaka kama kawaida. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebandikwa kwenye lile kabati jeupe, palepale alipokuwa amechora dirisha.

Akampigia simu mama mdogo Anyesi, mdogo wa marehemu Mama Kaanaeli, anayeishi bado Machame. Anyesi huimba kwaya ya kina mama, na watu wenye nyumba zisizolalika humfuata kwa siri baada ya ibada. Kesho yake saa tatu alishafika, ana mwavuli na mkoba wa ukili.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe."

Alisimama katikati ya jiko, akanusa, akazunguka lile limeza la mawe mara moja, akasonya. Ndesanjo alikuwa anajiandaa kwenda kazini, tai shingoni.

"Wanasema jini," Anyesi alisema polepole. "Jini gani? Huyu ni dada yangu. Amekasirika, na angekuwa hajakasirika ningemshangaa." Akatoa mkobani jani moja refu la kijani, lililofungwa fundo. "Ndesanjo, hili unalijua."

Analijua, nani asiyelijua kwao! Ni isale. Mchaga akimkosea mwenzake humpelekea jani hilo kwa mikono miwili, na aliyekosewa akilipokea, kosa limekwisha, hata kama ni la damu.

"Piga magoti hapo kwenye jiko, mafiga yake yako chini. Mwombe mama yako msamaha. Halafu shika nyundo, utoboe dirisha alilokuomba, kwa mkono wako mwenyewe. Leo."

Ndesanjo alicheka. "Mimi mzee wa kanisa nilipigie magoti jiko la gesi? Na kesho kutwa wazee wenzangu wanakuja kubariki nyumba, wakute tundu ukutani?"

Nyuma ya jiko mtu akakohoa, mara mbili. Safari hii wote watatu walisikia. Milango ya kabati ikafunguka mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlangoni kuja walipo, na ndani glasi za wageni zilikuwa zimejaa masizi hadi ukingoni.

"Baba Lucky," Aikande alinong'ona. "Piga magoti. Mimi ndiye ninayepofuka. Nakuomba."

Ndesanjo aliangalia zile glasi. Uso ulimbadilika, niwaambie ukweli, aliogopa. Lakini kuna watu wanaoona afadhali kuogopa kuliko kuomba radhi mbele ya mke. Akarekebisha tai. "Hayo ya dirisha tutayaangalia," alisema. "Mwakani." Akatoka, akawasha gari, akaenda zake.

Anyesi alikaa chini, akashika kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza, mwanangu. Isale humwombea aliyelishika tu. Ukilishika wewe, utapona wewe. Yeye halitamgusa."

"Na hasira ya mama?"

"Itakwenda kwa mwenyewe. Sikufichi."

Miaka kumi na minane ya ndoa si kitu cha kutupa kwa dakika moja. Aikande aliichukua simu, akampigia mumewe. "Baba Lucky, rudi. Mama mdogo amesema usipolishika wewe jani, ubaya utakurudia wewe. Nakuambia ili kesho usiseme sikukuambia."

"Usinichoshe na ushirikina wako, Mama Lucky. Niko kikaoni." Simu ikakatwa.

Hapo ndipo machozi yalipomkauka. Daftari lake lilichekwa, akanyamaza. Kaunta ikamfika kifuani, akanyamaza. Mama wa watu alizikwa na kidirisha cha kioo, akanyamaza. Sasa macho yake, mkate wake, uzi na sindano yake, navyo vingoje mwakani? Wee! Alipiga magoti penye jiko, akanyoosha isale kwa mikono miwili. "Mama, nilikuona ukipofuka nikanyamaza. Nisamehe na mimi." Jani likavutwa kutoka mikononi mwake, taratibu, hadi likaisha ndani ya ufa wa marumaru.

Akaenda stoo, akarudi na nyundo ya kilo sita. Pigo la kwanza lilikwenda kwenye lile kabati jeupe. La pili, la tatu, mbao zikapasuka, glasi zikamwagika, na alipofika kwenye tofali alikuwa analia kwa sauti, anapiga, anatukana, kila pigo na jina lake, na mama mdogo Anyesi badala ya kumzuia alikuwa pembeni anampigia vigelegele. Saa nane ukuta ukatoboka. Moshi wote uliokuwemo ndani ya nyumba ile ukanyanyuka, ukapita kichwani mwake ukiwa wa moto, ukatoka kwenye tundu kwa kishindo, ukaelekea juu. Upepo wa Meru ukaingia. Aikande akafuta macho kwa khanga, akatazama nje, akaona kuku, mgomba, na mbali kule mlimani akaona ufa mmoja mmoja kwenye mwamba.

Anyesi akavuta pumzi. "Amekwenda," alisema. "Hatarudi tena."

Saa tisa na nusu Ndesanjo akarudi. Alisikia habari ya nyundo kwa jirani, akaingia ndani akifoka, "Nani amekuruhusu? Nyumba hii ni ya nani?" Akafika mlangoni mwa jiko, akasimama. Jua la alasiri lilikuwa limeingia lote kupitia tundu, limejaa sakafu nzima.

"Nani kawasha kuni humu?" aliuliza.

Akayafikicha macho. Akayafikicha tena, kwa viganja vyote viwili.

"Mama Lucky, mbona mmezima taa?"

Aikande alimwangalia. Alimwona vizuri kabisa, kila unywele, kila tone la jasho kwenye paji la uso wake.

"Taa zinawaka, Baba Lucky. Na jua linawaka."

Ndesanjo alinyoosha mikono mbele, akapiga hatua moja, akajigonga kwenye limeza lake la mawe, akalishika kwa nguvu. "Lile jani," alisema. "Mama mdogo, unalo lingine? Nipe. Nitapiga magoti. Nipe sasa hivi!"

Mama mdogo Anyesi alifungua mkoba, akatoa isale la pili, akalitazama, asijue la kufanya.

"Mpe tu," Aikande alisema. "Lakini atampelekea nani? Mwenye kulipokea ameshaondoka."