Betri Kwenye Kopo la Vifungo

Hamnipi nafasi hata ya kumeza mate, mnataka hadithi. Haya, lakini mkikosa usingizi msinigongee mlango.

Palikuwa na mwanamke fundi cherehani aliyeishi na mama mkwe wake, kiziwi. Ajuza yule alikuwa na mashine ndogo ya sikioni, na usikivu wake wote alishauhamishia humo. Akiivua, hata uangushe sufuria hana habari. Akiivaa, anasikia kupita kiasi: simu za fundi, umbeya wake na wateja, mpaka anavyosonya jikoni. Fundi akachoka. Kila asubuhi, akijidai anaifuta nta, anachomoa betri, kitu kidogo tu, na kuitupia kwenye kopo lake la vifungo.

"Mwanangu, imekufa tena?" mama mkwe aliuliza.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mumewe alikuwa dereva wa safari za mbali, akirudi ni kulala tu, hakuuliza. Miaka miwili mama mkwe akakaa kitini pake akizungumza peke yake, ananyamaza kidogo kama anayejibiwa, kisha anaendelea. Fundi akawaambia wateja uzee umempanda kichwani. Ajuza akafa vivyo hivyo, bila kusikia sauti ya mtu.

Wiki ya pili baada ya maziko, mchana kweupe, mashine ikapiga mluzi ndani ya droo. Fundi akaitazama: betri haimo. Droo nzima ilinuka dawa ya kuchua ya marehemu.

Akaenda kuitupa mashine jalalani. Kesho yake akamkuta bintiye wa miaka minne, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, amekaa kwenye kiti cha bibi yake, mashine ile ile sikioni, kimya, anatikisa kichwa taratibu, na mama alipomwita hakugeuka, alipomshika bega hakugeuka, ila kiti cha mbele yake, kitupu kabisa, kikatoa mlio wa mbao kama kilichobeba mtu anayejisogeza karibu ili asikike vizuri.

Akamchomoa mashine.

"Anasema bibi alikuwa anaongea naye kila siku," mtoto akanong'ona. "Sasa hana mtu."

Mganga alipoletwa, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinusa droo akaketi. Akaeleza kwamba kuna jini aliyeingia kwenye ukimya ule wa miaka miwili, akazoea kuzungumziwa, na sasa amemchagua mtoto.

"Anataka nini amwachie?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sauti ya mtu mmoja. Itoke masikioni mwako wewe, na jini achague mwenyewe ni ya nani."

Fundi akakubali upesi, akitumaini itakuwa ya wifi yake, ambayo hata bure angeitoa.

Mashine ikanyamaza. Leo fundi anasikia cherehani, mvua, wateja, hata wifi. Chiriku naye maneno yanamtoka kutwa, watu wanashika mbavu kwa kucheka. Mama yake, tangu siku ile, hajamsikia hata neno moja.