Nukta na Baragumu Wabisha Hodi

Aliyenieleza mambo haya kwanza ni kaka yangu Shomari, fundi wa redio. Nami nikamsimulia mwanangu Tunu jioni moja, wakati wa kulala.

Ndani ya kinanda kidogo cha Tunu anakaa Nukta. Nukta ni chipu, kidude kinachokiendesha kinanda. Ni mdogo kuliko punje ya mahindi.

Sauti yake pia ni ndogo. Ti-ti-ti.

Mlangoni mwa kinanda, panapotokea waya, anakaa rafiki yake Baragumu. Yeye ana sauti kubwa. Tuuu! Tuuu!

Nukta akitaka kusema, humshika Baragumu mkono. Baragumu huyapaza maneno yake kwenye waya. Nukta akimaliza, huuachia mkono. Baragumu hutega sikio.

Shika mkono, sema.
Achia mkono, sikiliza.

Jioni ile, Tunu alipiga wimbo wa kumlaza Baba. Baba alikuwa safarini. Hakutaka kulala kabla hajausikia.

Lakini ili umfikie Baba, wimbo lazima upite kwa Bibi Kompyuta, upande wa pili wa waya.

Nukta akaogopa. Akaushika mkono wa Baragumu kwa nguvu. Ti-ti-ti.

"Tuuu! Hodi!" akapaza Baragumu.

"Karibu! Ni nani?" akaitika Bibi Kompyuta.

Nukta hakuuachia mkono.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Jamani, huyu hodi tu!" akasema Bibi. "Namkaribisha, hasikii. Basi, nafunga mlango."

"Baragumu, Bibi amesema nini?" akauliza Nukta.

"Nitasikiaje, mdogo wangu? Umenishika, napiga kelele tu."

"Nikikuachia, utaondoka?"

"Niende wapi? Nipo hapa hapa."

Shika mkono, sema.
Achia mkono, sikiliza.

Nukta akauachia mkono. Kimya.

Kimya kabisa.

"Haya, naita mara ya mwisho," ikaja sauti ya Bibi. "Karibu! Ni nani?"

Nukta akamshika Baragumu tena, taratibu.

"Ni sisi, Bibi. Tumeleta wimbo wa Tunu."

Akauachia mkono.

"Kumbe ni nyinyi, wajukuu zangu! Haya, uleteni."

Tililili, tililili. Wimbo ukapita. Baba akausikia, akasinzia. Tunu naye akasinzia.

Asubuhi yake, tulikwenda kwa jirani yetu mpya. Hatukuwahi kwenda, maana Tunu huona haya. Nami pia.

Mlangoni, Tunu akanishika mkono.

"Hodi!" nikapaza.

Tunu akauachia mkono wangu. Tukanyamaza. Tukasikiliza.

"Karibuni!"