Kona Kumi na Nne

— Masele, birika halijajaa!

Ng'washi alisema huku anahema. Jua lilikuwa utosini, ng'ombe wa baba yake, mzee Mwandu, walikuwa wanarudi kunywa, na maji ya tangi yaliyofunguliwa tangu asubuhi yalikuwa yamefika nusu tu ya birika la kunyweshea.

Sharti la mzee lilijulikana Kasoli nzima: birika lijae kabla ng'ombe hawajafika, ndipo Masele, fundi bomba, apewe binti. Likishindikana, Ng'washi ataolewa na wakala wa kampuni mojawapo ya hizi mpya za kununua pamba, mwenye pikipiki. Ng'washi hakuitaka pikipiki. Alimtaka Masele, na matope yake.

— Nilipiga hesabu vizuri. Mita arobaini, bomba limenyooka.

— Limenyooka wapi? Nimehesabu kona kumi na nne!

Masele akainamisha kichwa.

— Baba yako alisema lisipite kwenye zizi la zamani, nikazungusha. Akasema lisikaribie ghala la pamba, nikazungusha tena.

— Na wewe ukaitika tu?

— Mkwe nitamkatalia vipi?

— Kona moja inakula nini?

— Nguvu ya maji. Ni kama umeongeza mita moja na nusu ya bomba.

— Kumi na nne, ishirini na moja hizo. Na mzunguko wenyewe?

— Mita tisini.

— Mia na kumi na moja! Masele wangu, heshima yako itanikosesha mume. Kamwambie!

Mzee alikuwa amesimama kando ya birika, uso umekunjamana. Masele akamwamkia kwa Kisukuma.

— Mwadila, baba.

— Mwadila. Naona nusu.

— Bomba litapita katikati ya zizi la zamani.

— Nilikukataza.

— Hapana, baba. Ulikosea, nami nilikosea kukuitikia. Hata ukininyima binti nitalinyoosha, ng'ombe wako wanywe.

Ng'washi, aliyekuwa amemfuata nyuma, akamvuta shati. Mzee akawageukia ng'ombe waliokuwa wanakuja.

— Nakupa mpaka kesho.

Kesho yake, bomba likiwa limenyooshwa kupita zizini, birika lilifurika ng'ombe wakiwa bado mbali. Mzee akachota maji kwa kiganja, akanawa uso taratibu.

— Yule wa pikipiki huniitikia hata nikisema pamba ni nyeusi. Lete wazee wako. Ila mahari, mwanangu, sipunguzi hata ndama.

— Hapana, baba. Utapunguza.

Ng'washi akamkanyaga mguu, huku kicheko kimemshinda.

— Inatosha, Masele! Sasa itika!